Mtumiaji si refa wa mabishano yenu

Kuna sentensi moja inayomaliza mabishano karibu katika kila timu inayotengeneza programu za simu au tovuti. Mbunifu anataka menyu ikae chini ya skrini. Mhandisi anasema hapana, ifichwe nyuma ya vile vimistari vitatu vya pembeni. Bosi naye ana lake. Kikao kimevuka muda na hakuna anayetaka kushuka. Ndipo mmoja anasema: "Basi jamani, tuwaulize watumiaji." Wote wanakubali, maana nani atasimama aseme mtumiaji asisikilizwe?

Leo nataka kuikosoa sentensi hiyo. Sina ugomvi na watumiaji, na sina ugomvi na majaribio. Kinyume chake, naona majaribio ya watumiaji ni moja ya vifaa bora kabisa tulivyonavyo katika fani hii. Tatizo ni kazi tunayokipa kifaa hicho. Tunakitoa kwenye kutafuta makosa na kukifanya refa wa ugomvi wa ofisini, kisha tunasema tumefuata sayansi. Ukiikagua sayansi yenyewe, unakuta haijasema hivyo hata kidogo.

Kazi halisi ya jaribio

Kama wewe si mtu wa fani hii, usijali, jambo lenyewe ni rahisi. Unamkalisha mtu mbele ya programu, unampa kazi ya kweli, kwa mfano, "Kata tiketi ya basi la kwenda Mbeya Ijumaa asubuhi," halafu unanyamaza. Unatazama anakwama wapi, anabonyeza nini mara mbili, anarudi nyuma saa ngapi. Sehemu kubwa ya kazi ni kutazama. Kuuliza ni sehemu ndogo.

Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichapisha hesabu ambayo imekuwa maarufu mno. Katika miradi waliyoichambua, mtumiaji mmoja kwa wastani alifichua asilimia 31 ya matatizo yaliyokuwemo. Wa pili anarudia baadhi ya yale yale na kuongeza machache mapya, wa tatu vivyo hivyo. Ukifika watu watano, hesabu inakupa takriban asilimia 85. Mwaka 2000 Nielsen aliandika makala fupi akisema watu watano wanatosha, na tangu hapo "watano wanatosha" imekuwa kama amri ya kumi na moja.

Lakini rudia kusoma hesabu hiyo polepole. Inazungumzia kupata matatizo. Haisemi lolote kuhusu kuchagua kati ya muundo A na muundo B. Tena Nielsen mwenyewe alishauri kwamba ukiwa na uwezo wa kuwapata watu 15, usiwatumie wote kwa mkupuo. Jaribu na watano, rekebisha, jaribu na watano wengine, rekebisha tena.

Hata katika kazi hiyo ya kutafuta matatizo, 31 ni wastani tu. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walijaribu tovuti kadhaa na kuona kwamba watumiaji watano wa kwanza walifichua asilimia 35 tu ya matatizo. Mwaka 2003 Laura Faulkner alichukua matokeo ya watu 60 na kuyagawa kwa bahati nasibu katika makundi ya watano watano. Kuna makundi yaliyopata asilimia 99 ya matatizo, na kuna makundi yaliyoishia asilimia 55. Watu watano ni wazuri, lakini bahati nayo inahusika.

Mfikirie fundi baiskeli anapozamisha tyubu kwenye beseni la maji. Mapovu yakitoka, tundu lipo. Haihitaji tyubu mia moja kuthibitisha, povu moja linatosha. Ndivyo jaribio linavyofanya kazi: mtu mmoja akishindwa kuona kitufe cha kulipia, tayari una ushahidi kwamba kitufe kinaweza kukosekana machoni pa mtu. Lakini beseni lile lile halikuambii ununue baiskeli nyekundu au ya bluu. "Tatizo lipo" na "wengi wanapendelea hiki" ni madai mawili tofauti, na yanahitaji ushahidi wa aina mbili tofauti. Timu zinazogombana huchukua ushahidi wa dai la kwanza na kulipia deni la dai la pili.

Hesabu ya sarafu

Hebu tufanye hesabu kidogo, haina ugumu wowote. Umewaita watu watano, umewaonyesha A na B. Cha kwanza cha kugundua ni kwamba tano ni namba witiri. Sare haipo. Hata kama miundo yote miwili ni sawa kabisa, jaribio litatoa "mshindi", kila mara, bila kukosa. Kifaa ambacho hakiwezi kusema "hakuna tofauti" ni kifaa cha kutilia shaka tangu mwanzo.

Sasa tuseme matokeo yamekuwa 4 kwa 1. Ofisini hapo watu watapigana viganja. Lakini chukua sarafu, irushe mara tano. Matokeo yanayowezekana ni 32, na kati ya hayo 12 yanatoa 4 kwa 1 au 5 kwa 0 kwa upande wowote. Hiyo ni asilimia 37.5. Yaani kama watu hawana upendeleo wowote kati ya A na B, bado zaidi ya mara moja katika kila mara tatu utapata ushindi unaoonekana mnono.

Igeuze upande wa pili: wanne kati ya watano wamependa A, je, katika watumiaji wote ni wangapi wanaoipenda? Kwa kiwango cha kawaida cha uhakika cha asilimia 95, jibu liko popote kati ya takriban asilimia 28 na zaidi ya asilimia 99. Huenda karibu wote wanaitaka A. Huenda pia wengi hawaitaki. Ukimwambia bosi wako "kati ya 28 na 99" atakuuliza pesa ya jaribio imekwenda wapi, na atakuwa na haki.

Kuna mchezo mwingine ambao ni hatari zaidi kwa sababu hufanywa na watu wenye nia njema. Upande ulioshindwa unasema: "Lakini hawa hawakuwa watumiaji wetu halisi. Tulete wengine." Inasikika kama uangalifu, lakini angalia hesabu. Kama A na B ni sawa, nafasi ya upande wangu kupata wengi katika kundi moja la watano ni asilimia 50. Nikipewa nafasi ya pili, uwezekano wa kushinda angalau mara moja ni asilimia 75. Nafasi ya tatu, asilimia 87.5. Mwenye subira na bajeti hashindwi. Tena mara ya kushinda ndiyo itakayoingia kwenye ripoti, zile mbili za mwanzo zitaitwa "majaribio ya awali".

"Unapenda ipi?"

Tuseme umewapata watu wa kutosha. Bado kuna swali lenyewe. Katika mabishano, jaribio la kutazama hugeuka haraka kuwa kura ya maoni: unaonyesha skrini mbili, unauliza "unapenda ipi, na kwa nini?"

Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza zoezi lililofanywa dukani Marekani. Wapita njia waliombwa wachague soksi ndefu zenye ubora zaidi kati ya jozi nne zilizopangwa mezani. Jozi ya mwisho kulia ilichaguliwa karibu mara nne zaidi ya ile ya mwisho kushoto. Watu walitoa sababu zao vizuri tu. Hakuna aliyetaja kwamba mahali jozi ilipowekwa palihusika. Kumbe jozi zote nne zilikuwa sawa, hakuna tofauti hata ya uzi.

Kwa hiyo mshiriki wako anapokwambia "nimependa hii kwa sababu rangi zimetulia", hakudanganyi. Anatafuta sababu kama ambavyo sisi sote tungetafuta. Lakini sababu hiyo haistahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye slaidi.

Kuna na adabu. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Bangalore, India, na watu 450. Walionyesha watu vitu viwili na kuwafanya waamini kwamba kimoja kimetengenezwa na mhojaji mwenyewe. Washiriki walikuwa na uwezekano mara 2.5 zaidi wa kupendelea kile cha mhojaji, hata pale vitu vyote viwili vilipokuwa sawasawa. Mhojaji alipokuwa mgeni kutoka nje, anayehitaji mkalimani, ikafika mara 5.

Utafiti ni wa India, lakini niambie wewe uliyekulia huku kwetu kama unashangaa. Ukikaribishwa chakula, hata chumvi ikizidi, utasema kitamu. Sasa kijana amekuja na laptopu, amevaa kitambulisho shingoni, amekupa soda na nauli ya kurudi. Utamwambia kitu chake hakieleweki? Utasema "ni nzuri, hongereni", halafu ukifika nyumbani hutaifungua tena. Mbunifu anayeonyesha muundo wake mwenyewe na kuuliza "vipi, unauonaje?" anapima malezi ya mshiriki kuliko anavyopima muundo.

Mwamba ngoma huivutia kwake

Tumefika kwenye swali ambalo timu nyingi hazipendi kuulizwa: nani anaendesha jaribio?

Mwaka 1998 Rolf Molich alisimamia zoezi ambalo kila mwanafunzi wa fani hii angepaswa kulijua. Timu tisa za wataalamu zilipewa tovuti moja, Hotmail, na kuombwa kuipima, kila timu kivyake. Kwa jumla ziliripoti matatizo 310 tofauti. Kati ya hayo, karibu asilimia 75 yaliripotiwa na timu moja tu. Tovuti moja, lengo moja, ripoti tisa zisizofanana. Mwaka 2001 Morten Hertzum na Niels Ebbe Jacobsen walipitia tafiti za namna hii na kukuta kwamba makubaliano kati ya watathmini wawili yalikuwa kati ya asilimia 5 na 65, kutegemea utafiti.

Hao ni watu wasio na ugomvi. Sasa mweke mwendesha jaribio ambaye wiki nzima amebishana kwamba menyu ikae chini. Yeye ndiye anayeandika maelekezo, ndiye anayeamua ipi ionyeshwe kwanza, ndiye anayeamua kama mshiriki "alikwama" au "alikuwa anafikiria tu". Mshiriki akisitasita kwenye muundo wa mwenzake anaandika "amepotea". Akisitasita kwenye wake anaandika "anasoma kwa makini". Hajasema uongo mahali popote. Ndiyo maana ya methali: anayewamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

"Basi tuongeze idadi"

Utaniambia: sawa, tatizo ni uchache, tuchukue watu wengi. Idadi inasaidia, ila haiponyi swali baya. Kabla ya Aprili 1985 kampuni ya Coca-Cola iliwaonjesha watu karibu 200,000 na wengi wakapendelea ladha mpya. Tarehe 23 Aprili ikatangaza ladha hiyo kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Tarehe 11 Julai ikatangaza kuirudisha ya zamani, baada ya malalamiko yasiyokwisha. Ulimi haukudanganya. Lakini funda moja la soda lilijibu swali la ladha, wakati uamuzi ulikuwa wa kumnyang'anya mtu kitu alichokizoea.

Mfano wa upande mwingine ni Google. Mbunifu Douglas Bowman alipoondoka huko mwaka 2009 aliandika kwamba timu moja ilishindwa kuchagua kati ya bluu mbili, ikaamua kujaribu vivuli 41 vilivyo kati yake. Akaongeza kwamba aliwahi kutakiwa kuthibitisha kwa data kama mstari wa pembeni uwe na upana wa pikseli 3, 4 au 5. Nitende haki hapa: mwaka 2014 mkuu wa Google nchini Uingereza alisema bluu iliyoshinda katika majaribio ya rangi za viungo vya matangazo iliiletea kampuni dola milioni 200 zaidi kwa mwaka. Kwa hiyo mbinu ile ilikuwa na faida yake, kwa kampuni yenye watumiaji wasiohesabika na swali dogo linalopimika kwa mibonyezo. Timu yako yenye watu watano, soda na chumba cha mkutano haina kifaa hicho. Inaazima heshima yake tu.

Kinachopotea

Hasara kubwa kuliko kuchagua menyu isiyofaa ni yale ambayo hamkuyaona kwa sababu mlikuwa mnahesabu kura.

Rudi kwenye programu yetu ya tiketi za mabasi, ambayo ni mfano wa kubuni tu. Matokeo ni 4 kwa 1, menyu inakaa chini, shangwe. Lakini watatu kati ya wale watano walisita kabla ya kulipa, wakarudi nyuma, wakatafuta namba ya kiti. Hawakuwa na imani ya kutuma pesa kabla ya kujua watakaa wapi na basi linaondokea kituo gani. Jambo hilo halikuwa upande wa mbunifu wala wa mhandisi, kwa hiyo halikuwa na mtu wa kuliandika. Programu inatoka ikiwa na menyu iliyoshinda na malipo yasiyoaminika.

Linganisha na M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya Oktoba 2005, na lengo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha kurejesha mikopo kwa simu. Waendeshaji walipotazama watu wanafanya nini hasa, waliona mambo ambayo hawakuyapanga: watu wanatumiana pesa wao kwa wao, wengine wanaweka pesa mji mmoja na kwenda kuitoa mji mwingine. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa rasmi, kilichouzwa kwa wananchi kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mikopo iliwekwa kando. Lingekuwa jaribio la kuamua nani mshindi kati ya miundo miwili ya skrini ya kurejesha mkopo, lingepata mshindi wake, na matumizi yale yangeonekana kama makosa ya wateja.

Na kuna heshima ya mtu. Mama aliyefunga genge lake saa moja aje kukaa na simu yako amekuja kukuonyesha maisha yake yanavyokutana na kazi yako. Kumtumia kama fimbo ya kumchapia mwenzako wa meza ya pili ni kumpotezea muda.

Si afadhali kuliko bosi kuamua?

Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi, na lina uzito. Katika ofisi nyingi mwenye mshahara mkubwa ndiye mwenye hoja kubwa. Mbunifu mdogo, hasa binti aliyeajiriwa juzi, hana silaha nyingine ila kusema "watumiaji wamesema". Namuelewa kabisa.

Lakini fikiria mbele kidogo. Bosi akisema "nimeamua mimi, tuweke chini", uamuzi una mwenyewe. Baada ya miezi mitatu mambo yakienda vibaya, mtu anaweza kusema "mkuu, ile tuliyoamua haifanyi kazi." Ikisemwa "watumiaji wamechagua", uamuzi hauna mwenyewe. Anayeupinga anaonekana anapinga ukweli. Uamuzi wa kawaida unaweza kurekebishwa, ila uliovalishwa koti jeupe la maabara unakuwa mgumu kuguswa. Na bosi mjanja atajifunza haraka: ataagiza majaribio mpaka yaseme anachotaka, na tumeshaona kwamba mara tatu zinamtosha. Silaha ya mnyonge huishia mkononi mwa mwenye bajeti.

Mfanye nini basi?

Kwanza, uliza ugomvi wenyewe ni wa aina gani. Kama ni wa jambo linaloweza kuonekana, mfano "watu hawatakiona kitufe hiki", jaribio ni lake. Kama ni wa vipaumbele, mfano tumhudumie mteja mpya au wa zamani kwanza, hakuna mshiriki anayeweza kuwaamulia. Hiyo ni kazi ya uongozi. Kama ni wa ladha tu, mwachieni mbunifu, ndiyo kazi mliyomwajiria.

Pili, kabla ya kumwita mtu yeyote, kila upande uandike kwenye karatasi: "Nikiona hiki, nitabadili mawazo." Ronald Fisher alilieleza hili mwaka 1935 kwa mfano wa chai: mama mmoja anadai anaweza kuonja na kujua kama maziwa yalitangulia kikombeni. Vikombe vinane, vinne kwa vinne, vimechanganywa. Kabla hajaonja, tayari inajulikana kwamba kubahatisha vyote sawasawa ni nafasi 1 kati ya 70. Kigezo kinawekwa kabla ya kikombe cha kwanza. Kama hakuna matokeo yoyote yatakayokubadilisha mawazo, usiwasumbue watu.

Tatu, jaribio liendeshwe na asiye na upande, mpangilio wa A na B ubadilishwe kwa kila mshiriki, na wagomvi wote wakae pamoja kutazama wakiwa kimya. Ripoti iorodheshe mapovu yaliyotoka kwenye A na mapovu yaliyotoka kwenye B, bila safu ya mabao. Mara nyingi mtakuta yote mawili yana matundu, na mengine hayahusiani na mlichokuwa mnagombania.

Kwa hiyo ukiisikia tena ile sentensi kwenye kikao, huna haja ya kuipinga. Uliza tu: "Sawa, tukiona nini tutakuwa tumekosea?" Kila mtu akiwa na jibu, nendeni mkajaribu. Mkikaa kimya, malizeni ugomvi wenu hapo hapo mezani, na muuandike jina la aliyeamua.